Leseni Inayokoma Bandarini

Kwa miaka mingi taa za Bukoba na Muleba zimewaka kwa umeme wa Uganda, uletwao kwa waya upitao Masaka na Kyaka, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa mbali na mkoa huu wa Kagera na jirani alikuwa karibu zaidi kuliko ndugu. Jambo hili mkazi wa Kashai au wa Kamachumu amelizoea hata akalisahau, wala hapakuwa na haja ya kulikumbuka maadamu umeme wenyewe ulitokana na maji ya Nile. Walakini Serikali ya Uganda, iliyotunga Sheria yake ya Nguvu za Atomiki mwaka 2008, imekwisha kuitaja wilaya ya Buyende, katika nchi ya Busoga kando ya Ziwa Kyoga, kuwa mahali itakapojenga kinu cha nyuklia. Na kwa upande wetu, huko Namtumbo katika mkoa wa Ruvuma, mradi wa urani wa Mto Mkuju uliokuwa umelala kwa miaka umeamka, na mtambo wake wa majaribio ukazinduliwa Julai 2025. Mtu wa Kagera basi amekaa baina ya ncha mbili za safari moja ndefu: nchi yake itachimba, jirani yake atachoma, na yote yaliyo katikati, yaani kuigeuza urani kuwa gesi, kuirutubisha, kuifanya fueli, na baadaye pengine kuichakata upya, yatatendeka ughaibuni kwa leseni ambazo jina la Tanzania halimo.

Muradi wangu katika safu hii ni kuzitazama leseni hizo, kuanzia ile tunayoitoa sisi wenyewe, na kuonyesha kwamba ile ya kwetu, pamoja na sifa zake, inakomea mapema mno.

Kwanza tufahamiane mintarafu ya kitu chenyewe. Katika kila chembe 1,000 za urani itokayo ardhini, 7 tu ndizo za aina ya 235, ambayo hupasuka na kutoa nguvu; zilizobaki karibu zote ni za aina ya 238, nzito kidogo kuliko hizo, na tofauti ya uzito wao ni ndogo kiasi kwamba kuzitenga kwahitaji urani igeuzwe gesi na kupitishwa katika maelfu ya mashine zizungukazo kwa kasi ya ajabu. Tukichukulia kwa mfano kwamba hakuna kinachopotea njiani, chembe zile 7 zikibaki ndani ya 160 hivi umepata fueli ya kinu cha kawaida cha umeme; zikibaki ndani ya 35 umefika asilimia 20, na hapo ndipo sheria za kimataifa huanza kuiita urani hiyo kuwa imerutubishwa kwa kiwango cha juu; zikibaki ndani ya 8 umekaribia kiwango cha bomu. Hebu msomaji azitazame hesabu hizi kwa makini. Kutoka 1,000 hadi 160 umeondoa chembe 840; kutoka 160 hadi 8 umeondoa 152 tu. Kazi iliyo kubwa hufanyika mwanzoni, katika kiwanda ambacho mwenyewe aweza kuapa, na akawa mkweli, kwamba anatengeneza fueli ya kuwashia taa za miji.

Hii ndiyo sababu leseni ya kiwanda cha urutubishaji haifanani na leseni nyingine yoyote ya kiwanda. Nia ya mwenye mashine haiwezi kupimwa, kwa hiyo hupimwa vitu: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kilichobaki katika mabomba, na kiwango ambacho mitambo hairuhusiwi kukivuka. Makubaliano ya mwaka 2015 baina ya Iran na mataifa makubwa yaliandikwa kwa lugha hiyo hiyo ya vipimo, yakaiwekea Iran ukomo wa asilimia 3.67 na akiba isiyozidi kilo 300. Na yalipovunjika, walimwengu walijua yamevunjika kwa kusoma tarakimu. Mambo ya tabia na nia waliachiwa wanasiasa wabishane.

Sasa turudi kwetu. Tanzania haikuanza jana. Sheria ya Kinga ya Mionzi, Na. 5 ya 1983, iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi. Na Sheria ya Nguvu za Atomiki, Na. 7 ya 2003, ikaifuta ile ya kwanza na kuunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara zake Njiro, Arusha. Ikafuata mwaka 2011 kanuni mahususi ya usalama wa mionzi katika uchimbaji na uchenjuaji wa madini yenye mionzi, na nyingine ya ufungaji na usafirishaji wake. Mtu wa Bukoba aghalabu huijua Tume kwa jambo dogo zaidi: cheti cha mionzi. Mfanyabiashara apelekaye bidhaa ya chakula nje, au aingizaye vyakula kutoka ng'ambo, anafahamu kwamba kuna sampuli hupelekwa maabara kuangalia kama ina sesiamu. Desturi hiyo ilienea duniani baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, pale maziwa na nafaka za Ulaya zilipoanza kuogopwa. Wako wanaonung'unika kwamba cheti hicho ni gharama isiyo na faida, kwa kuwa samaki wa Ziwa Victoria na buni ya Kagera hawajapata kukaribia Chernobyl. Nami nasema nung'uniko lao lina insafu ndani yake, ila mtumishi aliyezoea kupima gunia la buni na kuandika alichokiona ndiye huyo huyo ambaye kesho ataletewa kitu kingine akipime, na mazoea ya kupima na kuandika hayanunuliwi dukani.

Kitu hicho kingine kimekwisha kupita njia za mkoa huu kwa miaka mingi. Ukanda wa miamba uitwao na wanajiolojia Karagwe-Ankole huanzia Uganda, ukapitia Karagwe na Kyerwa ambako bati limechimbwa tangu wakati wa Mwingereza, ukaingia Rwanda na Burundi na kugusa Kivu. Na pamoja na bati ukanda huo una tantalamu, madini ya thamani yatumikayo katika simu, ambayo kwa maumbile yake huwa yamechanganyika na urani na thoriamu kidogo. Gunia la madini hayo kutoka Rwanda au Kongo, lipitalo Rusumo, wilayani Ngara, likielekea bandarini, aghalabu hupita kipimo cha bekereli 10 kwa gramu ambacho kanuni za kimataifa za usafirishaji zimekiweka kwa madini ya asili yasiyokusudiwa kutolewa mionzi yake, na likipita kipimo hicho huhesabiwa kuwa mzigo wa daraja la saba, sawasawa na mzigo wa nyuklia, ukahitaji vibandiko, hati na kibali. Ofisa husogeza kifaa chake kwenye ubavu wa gunia, kifaa kikaanza kutatarika, akasoma namba, akaiandika. Mchimbaji wa Masisi, huko Kongo, hajui kwamba amechimba urani, wala dereva hajui kwamba ameibeba. Ajuaye ni yule wa mpakani, na ujuzi wake ndio mlango wa kwanza wa sheria. Kadhalika Mutukula, ambako Tanzania na Uganda zimekuwa na kituo kimoja cha forodha tangu 2017, na ambako malori hushuka kwa barabara ya Kyaka, Bukoba, Muleba hadi Biharamulo: hapo pia mzigo wa mionzi waweza kupita pamoja na mahindi na saruji. Hata bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima kwenda Tanga, linalokata Missenyi, Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo, limeleta katika mkoa kazi ambayo penginepo hufanywa kwa iridiamu 192, chuma kidogo chenye mionzi mikali, chini ya ukubwa wa punje ya mtama, kitumikacho kuchungulia ndani ya viungio vya mabomba kama vimeungwa sawasawa. Kila chombo cha namna hiyo huwa na leseni yake, mtu wake na daftari lake.

Na daftari likikosekana? Kinshasa ndiko mfano ulioko karibu. Kinu cha utafiti cha TRICO, kilichowashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1959, cha kwanza katika bara zima la Afrika, kilipoteza vijiti viwili vya fueli ya urani iliyorutubishwa. Kimoja kilikutwa mwaka 1998 huko Italia, katika mikono ya wahalifu waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Cha pili mpaka hii leo hakijulikani kiliko. Hapakuwa na vita siku vilipotoka, wala hapakuvunjwa ukuta. Vilitoka, basi, na waliokuwa na dhamana ya kuvihesabu hawakuweza kusema vimetoka lini.

Ama pipa litakalotoka Namtumbo ni kitu cha namna nyingine, na ni haki kulieleza jinsi lilivyo kabla ya kuliogopa. Ni pipa la chuma la kawaida, la ujazo wa lita 200, lakini likijazwa huwa na uzito wa kilo 400 hivi, kwa kuwa urani ni nzito kuliko risasi. Ndani yake muna unga uliokolezwa kutokana na mawe, wa manjano au wa kijani kilichokoza hata kuwa mweusi, kwa kadiri ulivyokaushwa. Mtu aweza kusimama kando ya pipa hilo bila madhara ya kutajika. Hatari yake iliyo kubwa ni kuuvuta unga huo au kuumeza, kwani ni sumu ya figo kabla ya kuwa mionzi. Urani yake ingali na chembe 7 katika 1,000, kama ilivyoumbwa. Kwa bomu haifai, na kwa taa haifai pia.

Na hapa sheria ya kimataifa hufanya jambo ambalo watu wengi, hata wabunge, hawalijui. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 1991. Mapatano yake ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Itifaki ya Ziada, yalianza kazi siku moja, tarehe 7 Februari 2005. Msomaji angedhani kwamba tangu siku hiyo kila kilo ya urani yetu inalindwa na wakaguzi kutoka Vienna. Sivyo. Ukaguzi kamili huanza pale tu urani inapofikia usafi wa kufaa kutengenezewa fueli au kurutubishwa, na unga wa pipani haujafika huko. Kabla ya hapo kuna wajibu wa kutoa habari: nchi inapouza unga huo kwa taifa lisilo na silaha za nyuklia, sharti ilijulishe Shirika kiasi, aina na mahali uendako. Uuzwapo kwa taifa lenye silaha hizo, kifungu hicho kimenyamaza. Itifaki ya Ziada imesaidia, kwa kuwa inatutaka tutangaze mgodi uko wapi, waweza kuzalisha kiasi gani na kwa mwaka umezalisha kiasi gani. Lakini kutangaza kilichotoka mgodini si sawa na kukifuata kiendako. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kazi tarehe 15 Julai 2009, ambao sisi Waafrika tunajivunia kwa haki kwamba umelifanya bara letu lisiwe na silaha za nyuklia, nao unakataza kuyapa urani mataifa yasiyo na silaha hizo ila yawe chini ya ukaguzi kamili. Juu ya yale yenye silaha haukuweka sharti kama hilo.

Mwenye mradi wa Mkuju ni nani? Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kiaustralia, Mantra Resources, nayo ikanunuliwa mwaka 2011 na upande wa Rosatom, shirika la nyuklia la Serikali ya Urusi, ambalo kupitia kampuni yake ya Uranium One ndilo liendeshalo mambo hata leo. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili kuupisha mgodi, Aprili 2013 ikatolewa leseni maalumu ya uchimbaji, kisha bei ya urani iliyoporomoka baada ya ajali ya Fukushima ikaulaza mradi usingizi mrefu. Sasa kiwanda kikuu kinakusudiwa kutoa hadi tani 3,000 za urani kwa mwaka. Urusi ni taifa lenye silaha za nyuklia, nayo peke yake inamiliki zaidi ya theluthi ya uwezo wote wa dunia wa kurutubisha. Simlaumu mtu kwa hili, wala sisemi kwamba urani ya Namtumbo itakwenda mahali pabaya. Nasema kwamba katika hali iliyopo mikataba ya dunia na ya Afrika imetuachia nafasi tupu mahali pale pale tulipo, na kitu kiwezacho kuijaza ni masharti yatakayoandikwa na sisi wenyewe, katika leseni ya kusafirisha na katika mapatano ya nchi kwa nchi.

Afrika ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya Tanzania kuwa na mgodi. Mwaka 1974 Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilitoa Amri Na. 1, likikataza mali ya asili ya Namibia isichukuliwe bila idhini ya Baraza, kwani nchi ile ilikuwa imekaliwa na Afrika Kusini kinyume cha sheria, lakini urani ya Rössing ikaja kusafirishwa kama kawaida. Mwaka 1987 Baraza likafungua daawa katika mahakama ya The Hague dhidi ya Urenco ya Uholanzi, kampuni shirika yake, na Dola ya Uholanzi yenyewe, likidai kwamba kiwandani Almelo kunarutubishwa urani ya Namibia iliyotolewa bila idhini ya wenyewe. Jibu la upande wa pili lilikuwa jepesi kukisiwa: urani ikiisha kugeuzwa gesi huchanganyika na ya Kanada, ya Niger na ya kwingineko, nani awezaye kuitambua? Uhuru wa 1990 ulikuja kabla ya swali hilo kupata hukumu. Wapigania uhuru wa SWAPO walikuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi Kongwa. Ni ajabu kidogo kwamba nchi iliyowapa hifadhi watu hao haikuichukua hoja yao na kuiweka katika sheria zake yenyewe ilipofika zamu yake ya kuchimba.

Swali la uchanganyikaji, hata hivyo, lilikwisha kujibiwa na Waaustralia, tena kwa njia isiyo na makuu. Wao hawadai kuzitambua chembe zao. Husema hivi: tani 100 za urani yetu zikiingia katika kiwanda chako cha kubadilisha urani kuwa gesi, basi tani 100 katika vitabu vyako, zozote zile, zina wajibu wa Australia, zikirutubishwa, wajibu hufuata sehemu yake katika kile kilichorutubishwa, zikichomwa, hufuata plutoniamu iliyozaliwa humo. Na mwenye vitabu hivyo hana ruhusa, pasipo idhini ya Australia iliyotangulia, kuihamishia nchi ya tatu, kuirutubisha kufika asilimia 20, wala kuichakata upya. Kanada ina masharti ya jamii hiyo hiyo. Makaratasi haya yana nguvu kuliko yanavyoonekana: Australia ilifanya mapatano ya namna hiyo na Urusi, yakaanza kazi 2010, na Septemba 2014, baada ya mambo ya Ukraine, Waziri Mkuu Tony Abbott alitangaza kwamba urani ya nchi yake haitauzwa tena Urusi.

Mkulima wa Muleba yuko karibu na hoja hii kuliko mwanasheria wa Dodoma. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 juu ya bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inamtaka mnunuzi wa buni ajue kibanja ilikotoka kwa nukta za ramani. Na vyama vya ushirika, KCU cha Kagera kimojawapo, vinajikuta vikipaswa kuhesabu vibanja vya wanachama wao, kimoja kimoja, migomba na mibuni ndani yake, ili gunia likifika Ulaya liweze kuulizwa limezaliwa wapi. Mnunuzi wa kahawa amepewa haki ya kuufuata mzigo kurudi nyuma mpaka mlangoni kwa bibi wa Nshamba. Muuzaji wa urani hajajipa haki ya kuufuata wake kwenda mbele hata hatua moja baada ya meli kung'oa nanga. Katika hizi mbili, ni ipi yenye hatari zaidi kwa wanadamu?

Wako watakaosema: kwa nini basi tusirutubishe wenyewe? Sheria ya Mamlaka ya Nchi juu ya Rasilimali, Na. 5 ya 2017, inataka mali ghafi isisafirishwe kwenda kuongezewa thamani nje, na roho ya sheria hiyo naiheshimu. Lakini kwa urani, thamani tuwezayo kuiongeza inaishia katika unga wa pipani. Afrika Kusini ilijenga mitambo ya kurutubisha pale Pelindaba kwa gharama ambazo hakuna mhasibu angezikubali kama shabaha ingekuwa umeme tu, ikaunda mabomu sita, kisha ikayavunja, na Rais de Klerk akaungama mbele ya Bunge Machi 1993. Hilo ndilo taifa la pekee la Kiafrika lililopita njia hiyo mpaka mwisho. Nchi iliyo na mgodi mmoja na isiyo na kinu hata kimoja cha umeme, ikiomba mashine za kuzungusha gesi, itanyimwa na wauzaji wote, na itaulizwa maswali ambayo hayatamfaa hata muuza samaki wa Kemondo.

Kuhusu uchakataji upya nitasema machache, ijapokuwa huko ndiko mashaka yote yanakokutana. Fueli iliyokwisha kuchomwa hukatwakatwa na kuyeyushwa katika tindikali, na kutoka humo hutengwa urani iliyobaki na plutoniamu iliyozaliwa. Kazi hii hufanywa Ufaransa pale La Hague na Urusi pale Mayak, na Uingereza imekwisha kuiacha. Tani 3,000 za Mkuju zatosha kulisha kwa mwaka vinu 15 hivi vya megawati 1,000, na kila kinu cha namna hiyo huzaa zaidi ya kilo 200 za plutoniamu kwa mwaka, ilhali kipimo ambacho Shirika la Vienna hukiona kuwa kinatosha kwa bomu moja ni kilo 8. India ilipolipua mlipuko wake wa kwanza Mei 1974 ilitumia plutoniamu iliyochakatwa kutoka kinu cha utafiti ilichopewa na Kanada kwa ahadi ya amani, na tangu siku hiyo ndipo Wakanada walipojifunza kuandika masharti kwa wino usiofutika. Nchi yetu haina sababu ya kujifunza kwa gharama ile ile. Na jirani zetu wa Uganda, watakapoandika mkataba wa fueli ya Buyende, wana swali la kwao: fueli ikiisha kazi, itarudi kwa muuzaji au itabaki? Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba za Bukoba na Missenyi na kuua watu 17, lilisikika pande zote mbili za mpaka, na mahali pa kuweka fueli iliyotumika huombewa leseni kwa kuthibitisha ardhi yake kwa karne nyingi zijazo.

Yako mawili ambayo Dodoma yaweza kuyatenda bila kumwomba mtu ruhusa. La kwanza ni kuitenganisha kazi ya kuhimiza matumizi ya nyuklia na kazi ya kuyadhibiti. Sheria ya 2003 iliyaweka yote mawili chini ya Tume moja, jambo lililokuwa na akili wakati mashine za eksirei za hospitali za Ndolage na Rubya ndizo zilizokuwa kazi yake kubwa. Kenya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya udhibiti peke yake na kuiacha kazi ya kustawisha nishati kwa chombo kingine, na sioni sababu ya sisi kungoja. La pili ni hayo masharti ya idhini, yaandikwe katika kibali cha kusafirisha kila shehena: mwisho wa kiwango cha kurutubisha, kutohamishwa, kutochakatwa upya bila idhini, na taarifa ya kila mwaka ya hesabu kutoka kwa mwenye vitabu. Serikali, kwa marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, ina hisa isiyopungua asilimia 16 katika mgodi wa namna hii. Kwa hiyo inaketi upande wa muuzaji na upande wa mtoa kibali kwa wakati mmoja, na mnunuzi hawezi kusema hakusikia.

Hofu iliyobaki ni ya bei: kwamba mnunuzi akiona masharti atakwenda Kazakhstan, itoayo karibu sehemu mbili kwa tano za urani ya dunia, na kutuachia mapipa yetu. Hofu hii ingekuwa na uzito kama Australia na Kanada zingekuwa zimekosa wanunuzi kwa miongo hii yote, na hazikukosa. Kampuni za umeme hutaka fueli isiyo na mashaka ya asili yake, na hulipia hilo. Rosatom yenyewe ilikwisha kuyakubali masharti ya Australia na kufanya biashara chini yake. Kiwanda kikuu cha Mkuju kimetajwa kuwa kitaanza kazi mwaka 2029, na vitabu vya Urusi havirudi nyuma kuandika wajibu wa Tanzania juu ya shehena iliyokwisha kupokelewa bila wajibu, hivyo kifungu hicho chataka kuwamo katika kibali cha shehena ya kwanza.